Nyumba ina mafundi na mfarishi haujaisha: nifunge vitambaa au niendelee?

SWALI: Habari yako, Mama. Mimi ni mwalimu, naishi Mamboleo, Kisumu. Mwezi wa kwanza nilianza kumshonea binti yangu mfarishi wa viraka vya kitenge, lile tandiko la kujifunika la matabaka yaliyoshonwa pamoja, kwa kuwa mwezi wa tisa anaingia chuo cha Egerton, Njoro. Kitanda ni cha futi tatu kwa sita. Nimekata vipande 216 vya inchi tano kwa tano, na nimeunga mistari saba kati ya kumi na minane. Masika yalipoanza paa likavuja, tukaita fundi. Sasa mabati yanabadilishwa, ukuta umechimbwa kupitisha waya mpya, plasta bado, na chumba nilichokuwa nikishonea kimejaa vumbi la simiti. Vipande kadhaa vimedondokewa na maji ya kutu. Meza yangu imekuwa ya vifaa vya fundi, na stima inazimwa mchana kutwa. Mume wangu anasema nifungie kila kitu sandukuni mpaka nyumba iishe. Nifanyeje?

JIBU: Dada yangu, usifungie. Mumeo ana haki ya kuhofia vitambaa, lakini nyumba inayokarabatiwa haina siku ya mwisho. Fundi akishuka paani atakuonyesha fremu ya mlango iliyoliwa na mchwa, na mlango ukiisha, bomba la jikoni litaanza. Nimewaona akina mama walioweka kazi sandukuni kungoja nyumba, wakaja kuitoa mtoto ameshamaliza masomo.

Ukiutazama mfarishi vizuri, utaona una kazi za namna mbili. Kuna ile ya kufanywa pajani, mahali popote, na kuna ile inayotaka sakafu safi na pana. Hii ya pili ni ya siku moja. Katika miezi yote hii mpaka Septemba unahitaji siku moja tu ya sakafu safi, na si lazima iwe sakafu ya nyumbani kwako. Nitafika hapo. Kwanza kutu, maana hiyo haingoji.

Usitie Jik. Najua mkono unakwenda huko wenyewe ukiona doa, lakini dawa ya klorini huifanya kutu ishike zaidi kwenye uzi, na doa la rangi ya chai linageuka la kudumu. Kamua ndimu juu ya doa, nyunyiza chumvi laini, kisha weka kipande juani kwenye sahani. Kikikauka, ongeza maji ya ndimu. Baada ya saa moja au mbili suuza kwa maji mengi na utazame. Doa bichi mara nyingi huondoka kwa mara ya kwanza, la wiki mbili litataka kurudiwa. Ndimu hiyohiyo inaweza kupausha rangi ya kitenge, hasa buluu iliyokoza na nyeusi, kwa hiyo jaribu kwanza kwenye ukingo utakaoingia ndani ya mshono. Rangi ikianza kukimbia, acha, ukate kipande kingine. Vile ambavyo kutu imegoma usitupe, nina kazi navyo mwishoni.

Vumbi la simiti ni jambo lingine kabisa, na hapa ndipo wengi hukosea kwa kufanya haraka. Wanachukua rundo zima na kulitumbukiza kwenye karai. Simiti ikikutana na maji machache hufanya kazi yake ya simiti: inashika. Unabaki na vipande vyenye chembe ngumu katikati ya nyuzi, na sindano ikipita hapo inakatika ncha. Toka nje, geuka upepo ukupige mgongoni, ukung'ute kipande kimoja kimoja. Kisha upige brashi kavu ya nguo pande zote mbili. Ndipo ukisuuze kwa maji mengi, ndoo baada ya ndoo, na kwenye ndoo ya mwisho utie vijiko viwili vya siki, kwa sababu simiti ni kali kama magadi na siki huituliza. Funika pua na leso wakati wa kukung'uta. Vumbi la ukuta uliochimbwa si zuri kwa kifua. Mwombe fundi wa stima aloweshe ukuta kabla ya kuchimba, ni jagi moja tu la maji na nyumba nzima itapumua.

Cherehani usiiguse kwa sasa. Vumbi hilo likichanganyika na mafuta ya mashine huwa kama msasa, linasaga vyuma kila unapozungusha gurudumu. Ifunike kwa shuka zito, lifungwe kwa kamba chini ya meza, na kama inaweza kubebwa ipeleke kwa jirani. Siku utakayoirudia, fungua kibati cha chini ya sindano, upige brashi katikati ya meno yale yanayovuta kitambaa, toa bobini na kikombe chake upanguse, tia tone la mafuta ya cherehani (yale ya kupikia huganda na kunata), halafu shona kwenye tambara mpaka usione tena mstari wa mafuta. Ndipo ulete kitenge.

Sasa tuje kwenye mistari yako kumi na mmoja iliyobaki. Hiyo shona kwa mkono. Usishtuke. Kila mstari una vipande kumi na viwili, yaani mishono kumi na mmoja mifupi ya inchi tano. Mistari kumi na mmoja ni mishono 121. Ukishona minne kila jioni, umemaliza kwa mwezi mmoja, na minne ni kazi ya kusikiliza taarifa ya habari mpaka chakula kiive.

Tafuta kopo la biskuti lenye kifuniko. Ndani weka sindano mbili, uzi wa pamba, mkasi mdogo, penseli, na vipande vya mstari mmoja tu. Vipange kwa utaratibu unaotaka, kisha upitishe uzi mmoja mrefu katikati ya vyote kumi na viwili na kuufunga fundo, kama shanga. Hata kopo likianguka na mtoto akalipiga teke, mpangilio wako haupotei. Mistari mingine kumi ifanye vivyo hivyo, kila mmoja na namba yake kwenye kikaratasi, ikae mbali na vumbi. Kwa njia hiyo, maji yakidondoka tena yatapata mstari mmoja. Hayatapata mfarishi.

Kuna jambo moja la kipimo linalohitaji macho yako yote. Ile mistari saba umeishona kwa mashine, na hii itakuwa ya mkono. Mshono wa mfarishi unaachwa robo inchi ukingoni, wala si nusu inchi kama tunavyozoea kwenye magauni. Kipande cha inchi tano kikishaungwa kinabaki inchi nne na nusu, ndiyo maana kumi na viwili vinakupa inchi 54. Ukikosea unene wa kucha tu, robo ya robo ya inchi, kila mshono unakula mara mbili yake kwa sababu una kingo mbili, na mishono kumi na mmoja inakupokonya zaidi ya inchi moja. Huo mstari hautalingana na jirani yake, utavuta, na mfarishi utakuja kukunjamana pembeni.

Kwa hiyo kata kipande cha kadibodi cha inchi nne na nusu kwa nne na nusu. Majalada ya madaftari ya wanafunzi yanafaa sana, nawe hukosi. Kiweke katikati ya kila kiraka upande wa ndani, ukipige mstari wa penseli kuzunguka. Sindano ifuate penseli, isifuate ukingo wa kitambaa. Shona bandi ndogondogo, sindano ikizama na kuibuka, na kila baada ya bandi nne rudi nyuma moja ili uzi usilegee. Ukimaliza mstari, utandaze juu ya ule wa kwanza wa mashine. Vyote viwili vinapaswa kuwa inchi 54 na nusu, hiyo nusu ni kingo mbili za mwisho. Ukiona tofauti inazidi robo inchi, fumua mishono miwili au mitatu sasa hivi, usingoje.

Stima ikizimwa pasi huna, na pasi ya makaa siipendekezi juu ya kitenge, cheche moja inatosha kukuliza. Tumia mgongo wa kijiko. Weka mshono kwenye ubao mgumu, ulaze kingo zote upande mmoja, upitishe kijiko kwa nguvu mara mbili. Mstari wa kwanza laza kingo kulia, wa pili kushoto, wa tatu kulia. Siku ya kuunga mistari utaona mishono inaumana yenyewe kama meno ya zipu, na pembe za viraka zitakutana bila kubembelezwa.

Kuhusu sanduku la mumeo: lina kazi, ila si la nailoni na si la kufungia miezi. Miaka iliyopita nilipokuwa nikipigisha plasta nyumba yangu hapa Nakuru, nilifunga mfarishi mzima ndani ya mfuko mzito wa nailoni nikausukuma chini ya kitanda. Niliogopa vumbi, unyevu sikuufikiria. Plasta mpya humwagiwa maji karibu wiki nzima ili isipasuke, na maji hayo yote yanarudi hewani ndani ya nyumba. Nilipofungua baada ya wiki tano, upande uliogusa ukuta ulikuwa na madoadoa meusi ya ukungu, na harufu yake haikutoka hata kwa jua la mwezi mzima. Niliukata nusu. Mpaka leo naukumbuka uzito wa mkasi siku ile.

Na Kisumu kuna joto na unyevu wa ziwa kuliko huku kwetu, ukungu utakuja upesi zaidi. Tia vitambaa ndani ya foronya ya pamba, foronya uiweke kwenye sanduku la bati au ndoo yenye kifuniko, na sanduku liwe juu ya matofali mawili, mbali na ukuta kiasi cha mkono. Kila siku kavu, toa foronya nje asubuhi. Asubuhi, nasema, kwa sababu mvua za kwenu hupenda kuingia alasiri, na zikija haziulizi.

Jambo jingine dogo lenye uchungu: waambie mafundi kwa maneno, uso kwa uso, kwamba vitambaa vile si matambara. Mtu aliyeshika brashi ya rangi akiona kipande cha kitenge sakafuni, kwake hicho ni cha kufutia mikono. Hana ubaya. Mpe rundo la fulana kuukuu siku ya kwanza, naye hatagusa vyako.

Ungeniuliza neno moja tu la kumwambia fundi wako mkuu, ningesema hili: chumba kimoja kiishe kwanza. Mafundi wengi hupenda kwenda na kazi moja nyumba nzima, plasta kila mahali, halafu rangi kila mahali. Kwao ni rahisi, lakini familia inaishi vumbini miezi mitatu. Omba chumba kidogo kabisa kikamilishwe, paa mpaka rangi, mlango ufungwe na tambara lililoloweshwa liwekwe chini yake. Hicho ndicho cha vitambaa na cherehani, na pia cha mtoto mwenye kikohozi kama yupo. Ila kabla ya siling bodi kurudishwa, ngojeni mvua kubwa moja ipige mabati mapya. Maji ya paa ni ya hila. Yanaingia kwenye tundu la msumari hapa, yanatambaa juu ya mbao, yanadondokea kule mbali, na fundi anaziba mahali ambapo hapana tundu. Muulize pia kama misumari ina raba mpya chini ya kofia, maana raba ya zamani hupasuka kwa jua na hapo ndipo kwenye mabati mengi maji hupenya.

Ukishamaliza mistari, utaiunga yote kumi na minane kwa mashine ndani ya chumba hicho. Ni mishono mirefu kumi na saba. Uso wa mfarishi utakuwa inchi 54 kwa 81, saizi nzuri kwa kitanda chake, unaning'inia vizuri pande zote mbili.

Halafu inakuja ile siku moja. Uso, tabaka la katikati na kitambaa cha mgongo vinapaswa kutandazwa pamoja, vimenyooka, bila mchanga hata chembe, kwa sababu kitakachoingia katikati siku hiyo hakitoki tena. Wewe ni mwalimu. Likizo ya mwezi wa nane darasa ni tupu. Omba ruhusa kwa mwalimu mkuu, sukuma madawati ukutani, fagia, piga deki, acha sakafu ikauke kabisa, ufike na dada mmoja au shangazi wa kukusaidia. Kuanzia saa tatu asubuhi mpaka saa nane mtakuwa mmemaliza. Ukumbi wa kanisa unafaa vilevile. Sipendekezi kulifanya hili nyumbani hata kama fundi ameapa amemaliza, kwa kuwa rangi ya mafuta ikiwa mbichi, harufu ya tapentaini inaingia kwenye blanketi na kukaa humo.

Tabaka la katikati ulichague kwa kufikiria Njoro, usifikirie Kisumu. Ninyi mko kama mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, Egerton iko zaidi ya mita 2,000, na mwezi wa saba huko ni wa soksi usiku. Kwa hiyo weka blanketi, lakini liwe jepesi. Fanya hivi: loweka hilo blanketi peke yake kwenye karai, ulinyanyue na kulikamua mwenyewe bila msaada. Ukishindwa, binti yako hataweza kuufua mfarishi hosteli, na mfarishi usiofulika huishia kuwa wa kukanyagwa. Lililokwisha kufuliwa mara nyingi ndilo zuri, halitapungua tena.

Mgongo ni marekani, kwa maoni yangu hakuna bora. Kitambaa kile cha pamba kisichopaushwa, ambacho wahenga walikipa jina la nchi kilikotoka kwa kuwa kililetwa Zanzibar na meli za Wamarekani kutoka Salem katika karne ya 19, bado kinauzwa, kinapumua, na hakiteremki kitandani kama satini. Kifue kwanza. Kiwe kikubwa kuliko uso kwa inchi mbili kila upande, na kama upana wake dukani haufiki inchi 58, utaunga mapande mawili.

Tandaza mgongo chini, ubandike pembe zake kwa tepu sakafuni, uvutike kidogo bila kunyooshwa kupita kiasi. Juu yake blanketi, juu yake uso. Kisha piga bandi, mishono mirefu kama kidole, ukianzia katikati kabisa ya mfarishi na kutoka kuelekea pembeni, mistari ikiachana kiganja kimoja. Ukianzia ukingoni, hewa na mkunjo vinasukumwa katikati na hapo hapana pa kutokea. Tumia uzi mweupe, hata kama kitenge ni cheusi, maana uzi wa rangi huweza kuacha alama.

Baada ya bandi mfarishi ni kitu kimoja. Unaukunja, unaubeba, unarudi nao nyumbani kwenye mafundi bila hofu. Kuudarizi kwa mistari kungependeza, lakini kwa wiki utakazokuwa umebakiwa nazo, funga mafundo: chukua uzi mnene wa pamba, uingize sindano kwenye kila pembe ambapo viraka vinne vinakutana, upite matabaka yote matatu, urudi juu, ufunge mara mbili, ukate ukiacha nusu inchi. Viraka vyako vina inchi nne na nusu, na blanketi halitahama kwa nafasi hiyo. Pamba ya kutandaza ingehama, blanketi halihami. Jioni tatu zinatosha. Pindo la kuzungushia, kata vitepe saba vya upana wa inchi mbili na nusu kutoka kitenge cha inchi 45. Nusu yadi inakutosha.

Nimebakiza vile vipande vya kutu. Huko Karnataka, India, wako Wasidi, watu ambao mababu zao walitoka Afrika, na akina mama wao hushona mfarishi unaoitwa kawandi bila meza, bila mashine, na bila kuunga uso kwanza. Wanachukua shuka au sari kuukuu iwe mgongo, wanaanza pembeni, wanaweka kiraka, wanakunja ukingo wake ndani, wanashona bandi zinazopita kiraka na mgongo kwa pamoja, kisha kiraka kingine kinafuata, wakizunguka kingo zote na kuingia ndani polepole mpaka wakutane katikati. Ni kazi ya pajani mwanzo mpaka mwisho, na kwa kuwa haina blanketi, ni shuka la kufaa usiku wa Kisumu. Kwenye pembe nne hutia vikunjo vidogo vya pembetatu vinavyoitwa phula, yaani maua. Kipande chako chenye kutu kikikunjwa pembetatu mara mbili, doa linaingia ndani na upande mzuri unabaki nje.